Yasiyoingia Kwenye Muhtasari

Kikao kilifunguliwa saa kumi na dakika ishirini,
darasa la nne B, Makorora.
Wajumbe kumi na mmoja, wenye udhuru wawili,
na mmoja asiyeleta udhuru wala kuja:
Hozza, tuliyemwona sote dirishani
akipita na baiskeli, macho mbele, shingo imekaza.
Hilo sikuliandika.

Mimi ndiye katibu. Daftari la klabu linalala kwangu,
lile la jalada gumu, tulilochangia mia tano mia tano
mwaka maji yalipoingia majumbani Mikanjuni
na sisi tukaingia nyuma yake na ndoo.

Yatokanayo na kikao kilichopita.
Kiti cha magurudumu cha mtoto wa Mbelwa kimetengenezwa.
Mstari mmoja, nukta.
Singano fundi alikataa ujira, kisha akaudai,
kisha akaukataa tena mkewe alipomtazama.
Tairi la kushoto ni la baiskeli ya marehemu babake.
Na mtoto, siku ya kwanza tu,
alijisukuma peke yake hadi Barabara ya Ishirini na Moja
kwenda kuwatukana, kwa furaha,
wenzake waliozoea kumkimbia.

Uchangiaji damu, hospitali ya Bombo:
chupa saba. Lengo, ishirini.
Mwenyekiti akataka niandike "zoezi lilifana".
Nikaandika "zoezi lilifanyika".
Kati ya maneno hayo mawili mna chupa kumi na tatu.
Mhina, aliyebeba marobota ya mkonge tangu ujana,
alizimia sindano ikiwa bado kwenye karatasi yake,
akazindukia soda ya bure, akainywa, akaulizia ya pili.
Tulicheka mpaka muuguzi akatutoa nje.

Taarifa ya mhazini.
Mwanakombo alisoma polepole, kidole juu ya kila tarakimu.
Elfu kumi na nne hazionekani.
Hakuna aliyesema kitu, na hicho ndicho kilichosemwa.
Akafungua fundo la kanga, akahesabu za kwake,
akaziweka juu ya dawati, akaketi.
Nikaandika: "Hesabu zimekamilika."

Usiku nikaiona risiti ya chokaa ya choo cha shule,
imebanwa katikati ya daftari hili hili.
Alfajiri nilikuwa mlangoni kwake, pesa mkononi,
maneno niliyoyapanga njia nzima yamenitoka.
Alinipa chai ya mchaichai na kitumbua cha moto.
Neno hakunipa.
Mpaka leo natafuta namna ya kuliandika
chini ya "Marekebisho".

Mengineyo.
Miwani kuukuu arobaini na moja imekusanywa na kugawiwa.
Mmoja wa hao waliotoa ni mimi.
Niliifuta miwani ya mume wangu kwa pindo la kanga,
nikaizika chini kabisa ya boksi
nisione mkono utakaoichukua.

Juzi nilipita Ngamiani, baraza ya duka la vitambaa.
Nyuma ya cherehani, mwanamke nisiyemjua
alitunga uzi sindanoni mara moja,
bila kuulamba, bila kuita mtoto.
Sikio la kulia la miwani limefungwa waya mwekundu.
Waya ule niliufunga mimi, umeme umekatika,
yeye ameshika tochi na kunilaumu
kwamba nakaza sana, nitavunja.

Nilisimama pale muda usio wa heshima.
Akainua uso, macho makubwa nyuma ya vioo vile:
"Karibu, mama. Unashona nini?"

Sikuwa na kitambaa.
Nikashusha kanga ya begani, nikampa apinde ncha.
Akaigeuza, akaisogeza karibu, akaitazama vizuri.
"Mbona hii imeshapindwa?"

"Pinda tena," nikamwambia,
nikavuta kigoda.